Jawabu Alilopewa Daktari

Dar es Salaam, 4 Septemba 2024

Mama, shikamoo. Natumai hamjambo wote na magoti yako yametulia. Mimi mzima. Barua hii nampa jirani yangu Junaid anayevuka na boti ya asubuhi, maana nikipiga simu Baba ndiye anayeipokea.

Baba amenitumia picha ya karatasi zake za hospitali. Anapasuliwa ngiri tarehe 20. Palipoulizwa pombe pameandikwa "hatumii". Mama, nani kasema hatumii? Miaka kumi na minane alikuwa mtunza stoo wa hoteli kule Bwejuu, na sote tunajua alikuwa akirudi na nini mkobani. Nilipokuja sikukuu ya Iddi nilimwona macho ya manjano na miguu imevimba. Tafadhali mwambie daktari ukweli.

Mwanao,
Rasha

Malindi, Unguja, 8 Septemba

Mwanangu Rasha, marahaba. Sisi hatujambo ila hasira, na hasira umenitia wewe.

Nani kasema? Mimi! Ulitaka niseme nini? Siku ile alipolazwa kwa kuhema, watu wakidhani ni moyo, chumba kimejaa watu waliokuja kumtazama: ami yako Ubwa, Bi Amne na binti zake, wazee wawili wa msikitini. Daktari, kijana wa juzi tu, akauliza kwa sauti, "Mzee anatumia pombe?" Hana hata haya! Baba yako akaniangalia. Nikajibu, "Astaghfirullah, sisi Waislamu." Basi yakaisha.

Moyo wameupima wakasema mzima. Nawe kusomea uuguzi kusikufanye ukatuvua nguo mbele za watu.

Mama yako

Dar es Salaam, 11 Septemba

Mama yangu, shikamoo. Pole kwa uchovu wa kuuguza. Nimekukasirisha, unisamehe, lakini na mimi nina hasira na sitozificha.

Mwezi wa sita wodini kwangu alikufa mnywaji wa makamo ya Baba, baada ya kupasuliwa. Naye moyo ulipimwa kalala kitandani, ukaonekana mzima. Ini likishaharibiwa na pombe, moyo nao hubadilika. Mtu akitulia unapiga vizuri, ila ukitwishwa kazi kubwa, kama kupasuliwa, unashindwa kuongeza nguvu. Daktari atalitafutaje hilo kwa mtu aliyeambiwa hajawahi kunywa?

Umejibu ili wazee wa msikitini waridhike. Mama, Baba akifa, eda utakaa wewe, si wao.

Mwanao,
Rasha

Malindi, 2 Oktoba

Mwanangu Rasha, marahaba ya shikamoo zako zote. Mimi sijambo, na baba yako yupo. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya kumuuguza mchana na usiku.

Tarehe 19 nilimfuata daktari nizungumze naye pembeni. Pembeni gani! Watu wale wale wamejaa. Nikasema hapo hapo: "Daktari, nilikudanganya. Huyu anakunywa, miaka mingi." Ubwa akanirukia, "Shemeji, unamfedhehesha ndugu yangu!" Ubwa huyo huyo! Mkoba ukitoka Bwejuu, nani alikuwa wa kwanza kuufungua? Na hilo nikalisema, wazee wakisikia. Baba yako akasema, "Mwacheni mke wangu aseme."

Upasuaji wakausimamisha. Damu ilipopimwa, ini limeharibika vibaya. Moyo wakaupima tena, safari hii kwa kuupa kazi, ukashindwa, kama ulivyoandika. Daktari kasema wangempasua kesho yake pengine asingeamka. Sasa yuko nyumbani, dawa asubuhi na jioni, chumvi marufuku, na pombe hataki hata kuisikia.

Lakini watu, Rasha! Walipodhani ni moyo tu, mlangoni kwangu pakikosekana pa kuvulia viatu. Leo siku ya kumi na mbili hajakanyaga mtu. Nimekutana na Bi Amne sokoni Darajani, akajifanya anachagua mabilingani. Kwani ini si la binadamu? Na moyo uliochoka si ule ule waliokuwa wakiuombea dua? Wamenichefua!

Baba yako kila alasiri anavaa kanzu, anakaa sebuleni kungoja wageni. Jana kaniuliza, "Ubwa kasafiri?" Nikamwambia ndiyo, kasafiri. Sikuweza kumwambia vingine.

Njoo Ijumaa, mwanangu. Ufunguo wako usiutumie. Piga hodi kwa sauti kubwa, asikie kuna mtu kaja kumtazama.

Mama yako