Ankara ya Paa la Mama

Sakai, 11 Februari 2025

Kwa wifi yangu Chizuru,

Habari za huko milimani? Redio inasema mwaka huu theluji imewaandama kuliko kawaida, na kila nikisikia jina la wilaya yetu nakukumbuka. Mgongo wako vipi? Huku sisi hatujambo, ila mume wangu Seiji shinikizo la damu halitulii. Daktari amemkataza chumvi, naye anaila kwa kujificha. Mti wa plamu wa jirani umeanza kutoa maua, ingawa baridi bado ipo.

Wifi, nina jambo. Jana nililetewa bahasha na posta. Fundi mmoja wa huko, Kuwabara, ananidai yeni laki mbili na ushee. Anasema ameondoa theluji juu ya paa la nyumba ya mama mara tatu, ameziba dirisha la jikoni na kubadilisha bomba la maji ya moto. Mimi simjui, wala sikumwita. Nyumba haina mtu tangu tumzike mama.

Theluji ya paa naweza kuielewa. Maji ya moto ndiyo siyaelewi. Nani anaoga humo?

Funguo tunazo wewe na mimi tu. Nimekupigia simu asubuhi na jioni, inaita mpaka inakatika. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nijibu upesi, maana Seiji anasema deni lisilopingwa mapema huhesabiwa limekubaliwa.

Wifi yako,
Fumie

*

Kamiozawa, 17 Februari

Wifi Fumie,

Barua nimeipata. Mimi mzima. Mpe pole shemeji, na figili za chumvi uzifungie kabatini.

Nyumba ya mama ingelaliwa na theluji hadi ivunjike. Fundi alihitajika, akaitwa. Ankara huenda kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba kwa hati ni wewe. Bomba lilipasuka kwa baridi, nalo likabadilishwa. Sioni la ajabu hapo.

Kama hutaki kulipa sasa, mwache asubiri. Nitasema naye theluji ikiyeyuka.

Simu yangu ina kasoro.

Wifi yako,
Chizuru

*

Sakai, 22 Februari

Wifi Chizuru,

Salamu tena. Nashukuru kusikia u mzima, ingawa sina hakika ni wewe uliyeniambia. Barua yako nimeilinganisha na kadi zako za mwaka mpya. Huu si mwandiko wako. Herufi zimelala upande, zinatetemeka kama za mtoto wa chekechea. Umeandikiwa na nani?

Halafu nimempigia Kuwabara. Nakupa mazungumzo yetu kama yalivyokuwa.

Nikamwambia, "Bwana fundi, mimi sikukutuma kazi."

Akasema, "Mama, nimeambiwa ankara iende kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba si wewe?"

"Ndiye mimi. Lakini nyumba ni tupu."

"Tupu?" Akacheka kidogo. "Ile ya maji ya moto nilikuja kwa haraka, usiku ule ule. Mtu hawezi kukaa bila maji ya moto kwenye baridi hii."

"Mtu gani?"

Akasema ana paa jingine linamsubiri, akakata simu.

Chizuru, kuna mtu anaishi katika nyumba ya mama yangu. Umempangisha nani? Kodi anakupa wewe na mafundi nawalipa mimi? Nasikia siku hizi watu wa mjini wanatafuta nyumba za kale vijijini, wanazilipia vizuri. Seiji anasema pia sheria imebadilika, mke wa mtoto aliyemuuguza mkwe anaweza kudai fungu lake kwa warithi. Sikutaka kulisema hili, lakini naliuliza: hii ankara ndiyo ya kwanza? Zipo nyingine nyuma yake?

Wakati wa mazishi watu waliniambia, "Wifi yako kimya chake kina hesabu." Nikakutetea. Usinifanye nijute.

Nangoja majibu, na yawe kwa mkono wako.

Wifi yako,
Fumie

*

Sakai, 10 Machi

Kwa Chizuru,

Wiki mbili, hata mstari mmoja hukuniandikia. Basi nilikuja huko mwenyewe.

Alhamisi nilipanda treni ya kwanza, nikafika Kamiozawa mchana. Nilianzia kwako ili tuongee kama watu wazima. Theluji imepanda hadi madirishani, na njia ya kwenda mlangoni haijachimbwa. Nikaita, nikaita. Nikajiambia, kumbe hata kwake hakai.

Nikapanda kwa mama. Pale njia ilikuwa safi, imepigwa koleo vizuri. Nikafungua. Wifi, nyumba ilikuwa na joto la mtu. Godoro limekunjwa pembeni, hita ya mafuta ya taa haijapoa vizuri. Ukutani koti la kiume limetundikwa, na chini yake buti za kiume, kubwa. Juu ya meza, vikombe viwili vya chai, kimoja bado kimejaa.

Sikufungua makabati. Mimi si mpelelezi. Nilichokiona kilinitosha.

Una umri wa miaka sitini na tisa, kaka yangu Noboru ana miaka minne kaburini, na mjane kuwa na mwenzake si dhambi. Ungeniambia. Lakini kumweka chini ya paa la mama yangu, mbele ya picha yake, kisha uniletee ankara ya maji anayoogea, hilo sitalimeza.

Nilikwenda mjini nikamleta fundi wa vitasa. Mlango wa mbele na wa jikoni, yote ina vitasa vipya. Kuwabara nimemlipa yote, asiwe na neno. Mwambie mgeni wako vitu vyake vipo, atavipata akiniandikia kwa jina lake kamili.

Wifi yako,
Fumie

*

Kamiozawa, 19 Machi

Kwa Bi. Fumie,

Natumaini mnaendelea vizuri huko, na Bwana Seiji pia.

Naandika kwa mkono wa kushoto, kama ile barua ya kwanza. Wa kulia una chuma ndani. Nitakueleza kwa mpango, maana kuandika hivi kunanichosha na sitarudia.

Mwanzoni mwa Januari theluji ilishuka bila kupumzika. Nilipanda kwanza paa la mama, kama nilivyofanya kila mwaka tangu Noboru afe. Nikalimaliza. Nilipopanda langu nikateleza, nikaanguka na mkono chini yangu. Mkono ukavunjika, na paa langu likabaki na mzigo wake. Siku ya tatu boriti ya nyuma ilikatika, nikiwa jikoni. Ukuta wa nyuma umelala chini. Uliposimama mbele ukaniita, hukuuona kwa sababu theluji imeufunika. Simu ilikuwa kwenye ukuta huo.

Nikachukua nguo zangu na kuhamia kwa mama. Nilijiambia ni mpaka majira ya kuchipua. Nilipaswa kukuuliza. Sikukuuliza kwa sababu niliona haya. Bibi mzima, nyumba aliyojengewa na mumewe imeanguka, sasa anaomba kujihifadhi kwa wifi. Nilikufahamu pia. Ungesema, "Subiri nimuulize Seiji." Theluji haisubiri barua.

Paa nisingeweza kulipanda tena, ndipo nikamwita Kuwabara, nikamwambia ankara akupelekee. Lile ni paa lako. Noboru aliliondolea theluji miaka yote uliyokuwa Sakai, kisha nikaliondolea mimi, na hukuwahi kuuliza ni nani aliyeko juu.

Koti ni la Noboru. Buti ni zake. Nilidhani utalijua koti la kaka yako, wewe ndiye uliyemnunulia. Kikombe kilichojaa ni cha mama. Kila asubuhi namwekea chai na wali mbele ya picha, na siku ile nilikiondoa nikakisahau mezani kwa sababu gari la hospitali lilikuwa likipiga honi nje. Ndiyo siku waliyonifungua mkono na kutia chuma, maana mfupa ulikuwa umekataa kuunga. Kabla ya hapo barua yako ilikaa mfukoni mwangu wiki nzima. Nilikuwa natafuta namna ya kuijibu bila matusi.

Niliporudi kutoka hospitali ufunguo ulikataa. Nikadhani ni barafu, nikaupulizia pumzi. Nikajaribu mlango wa jikoni. Bi. Hoshina wa nyumba ya pili ndiye aliyeniona nimekaa juu ya mfuko wangu, akaja mbio na kandambili. Akasema, "Dada, si nilimwona wifi yako na mtu wa vitasa? Nilidhani mmekubaliana." Nikalala kwake.

Asubuhi yake nilikwenda ofisi ya mji. Kuna karatasi moja ambayo mjane akiijaza, undugu wake na ukoo wa mumewe unakatika. Haihitaji shahidi wala ruhusa ya mtu. Binti wa kaunta aliniuliza, "Bibi, una hakika? Ukishagonga muhuri hairudi." Nikamwambia, "Mwanangu, nilipogonga muhuri wa kuingia ukoo huo nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na hakuna aliyeniuliza hivyo."

Noboru bado ni mume wangu. Ninyi wengine ndio mliotoka. Chai ya mama sasa ni kazi yako.

Ufunguo wa zamani nimeuweka humu ndani. Hauna tena pa kuingia.

Chizuru

*

Sakai, 27 Machi

Wifi yangu,

Niruhusu nikuite hivyo mara hii, sijui jina jingine la kukuitia.

Nimesoma barua yako nimesimama sebuleni, kisha nikaketi chini sakafuni. Seiji aliuliza kuna nini, nikampa aisome. Alipomaliza aliniambia, "Na lile koti ulilishika?" Nililishika, Chizuru. Nililishika begani nikatafuta mfukoni kama kuna kitambulisho cha mwanamume. Nilikuwa nimeshaamua ninachotaka kuona.

Nimeweka ufunguo mpya humu. Ingia, kaa, usiulize mtu. Kuwabara nimempigia aitazame nyumba yako pia, gharama ni yangu. Na katika bahasha ndogo kuna fedha. Ni za miaka ile uliyomwosha mama na kumlisha, mimi nikija kwa siku mbili wakati wa sikukuu na kukosoa uji. Najua hazitoshi. Niambie kiasi kinachotosha.

Mkono unauma sana?

Wifi yako,
Fumie

*

Kamiozawa, 20 Mei

Kwa Chizuru,

Sijui umehamia wapi. Bi. Hoshina anajua lakini hanitajii. Amekubali tu kuifikisha barua hii.

Nipo kwa mama tangu mwanzo wa mwezi. Seiji amebaki, anasema milima inamzibia kifua. Ufunguo niliokutumia niliukuta ndani ya bahasha kwenye sanduku la barua la mlangoni, haujatumika. Nguo zako nimezikunja, zipo tayari. Theluji imekwisha na sasa nyumba yako inaonekana yote. Niliizunguka kwa nyuma. Kitanda chenu kiko wazi, kimenyeshewa.

Watu wa hapa wananisalimia kwa kichwa tu. Juzi kwenye duka la ushirika mama mmoja alimwambia mwenzake, nami nasikia, "Ndiye huyu aliyembadilishia kitasa." Nikalipa maziwa yangu nikaondoka.

Asubuhi namwekea mama chai. Siku za mwanzo niliisahau mpaka mchana. Nimegundua siwezi kukumbuka kama aliipenda kali au nyepesi. Hata hilo sina wa kumuuliza ila wewe.

Sikuulizi uko wapi. Nauliza tu kama mkono umepona.

Fumie

*

Mjini, 8 Juni

Kwa Fumie,

Habari za siku nyingi. Mkono unafunga na kufungua, na kama unavyoona umerudi kuandika. Wakati wa mvua chuma kinanikumbusha kilipo.

Mama alipenda chai nyepesi. Usimwekee ya moto sana, alikuwa anaungua ulimi.

Fedha zako nakurudishia, zote zimo humu. Usidhani ni kiburi. Ankara ya theluji nilikuletea kwa sababu ilikuwa ni haki, paa ni lako na fundi alifanya kazi. Ila nikizipokea hizi, itakuwa nilikuwa kibarua wa mama yako miaka yote ile, na sikuwa. Nilimwosha kwa sababu alikuwa mchafu nami nilikuwepo. Siku nyingine nilimchukia. Siku nyingine alinishika shavu akaniita kwa jina la mama yake, nikaitika. Hayo sijui bei yake, nawe usijaribu kuitafuta.

Nyumba ya Noboru waache waibomoe. Nimeshazungumza na Kuwabara. Umelipia kuitazama, kuibomoa nitalipia mwenyewe.

Umenialika nikae kwa mama. Hapana. Tangu ujana wangu nimelala kwenye nyumba ambazo wenyewe walikuwa wamefia humo au wanangojewa kufa. Sasa nimepanga chumba juu ya duka la tofu. Mashine zao za kusaga soya zinaniamsha kabla ya kuku, na ukuta ni mwembamba hadi namsikia jirani akipiga mswaki. Lakini humu hajafa mama wa mtu. Nimenunua kikombe kimoja, cha buluu, nilichokichagua mwenyewe baada ya kuzunguka duka zima na kumchosha muuzaji.

Waliosema dukani wasikusumbue. Walinisema mimi pia mwaka niliofika, kwa sababu ya namna nilivyokata figili. Mpe Bi. Hoshina chochote cha bustanini, atalainika. Ila usimwambie nimekufundisha.

Kuhusu nguo zangu, koti la Noboru nalitaka. Zilizobaki gawa.

Usilitume kwa posta. Duka la tofu hufungwa Jumatano, na siku hiyo mimi nipo. Panda kwa ngazi za nyuma, na ubishe hodi kwanza.

Chizuru