Kiazi cha Nyuma ya Kabati

Cucu,

Hili sijamwambia mtu, nyanya yangu. Watu walipokuja kutuombea kabla ya mazishi yako, wote wakiwa wamefumba macho, mimi nilipenyeza kichwa nyuma ya kabati lako nikaunusa ukuta. Ulikuwa mbichi. Kabati tulilisukuma pale mimi na wewe, wanawake wa kanisa wasione doa jeusi la maji yanayovuja kutoka kwa paa. "Sukuma, Wanjiku, tusiaibike." Tukasukuma, tukacheka, ukakohoa.

Sasa mwenye nyumba anataka kupaka rangi, kisha ndugu yangu Kamau ahamie chumbani mwako. Kamau wetu, Cucu, ambaye kifua chake hulia kama paka! "Hiyo ni baridi ya Nyeri tu," mwenye nyumba anasema, vile vile alivyokuambia wewe.

Nikachukua viazi vya mwisho ulivyoleta kutoka Mweiga. Nikavichemsha, nikatia vipande kwenye chupa tatu za jemu, ambazo pia nilizichemsha. Moja niliiacha wazi nyuma ya kabati, nyingine sebuleni, ya tatu niliifunga pale pale, sikuifungua kabisa. Kisha nikazifunga na zile mbili, nikangoja. Mama akasema, "Wee, viazi ni za kula."

Ya tatu ilibaki safi. Ya sebuleni ilipata vidoa vichache. Yako, ya nyuma ya kabati, iliota ukungu mweusi na wa kijani, kama manyoya, hata kiazi hakionekani.

Sijui kama ndio uliokuua. Kiazi hakiwezi kusema hivyo, na sitausingizia. Lakini kule Mweiga, kabla hujahamia hapa, ulikuwa hukohoi. Hilo najua.

Darasani siinui mkono hata nikijua jibu. Unanijua. Lakini hili sitalinyamazia. Kamau hatalala pale mpaka paa lizibwe na ukuta ukauke. Nakuahidi, Cucu. Pumzika, pumua vizuri.

Leo asubuhi mwenye nyumba alikuja na mkebe wa rangi. Nikasimama mlangoni na chupa yako mkononi.

"Ati siku hizi viazi ndio fundi?" akacheka. "Fungua nione."

"Fungua wewe."

Hakuigusa. Mama akaitazama chupa, akamtazama Kamau, akauchukua ule mkebe na kuuweka nje.

Wanawake wa kanisa wanakuja mchana, na mke wa mwenye nyumba yumo. Nimelivuta kabati mpaka katikati ya chumba, nimefungua mlango na dirisha, na viti vya wageni nimevipanga vikitazama doa.

Wanjiku wako