Sharti la Kutoka

Rugenge, Uvira, 2 Septemba 2002

Binti yangu Georgette,
Nakusalimu katika jina la Bwana. Mwili wangu hauna neno. Naomba na wako uwe hivyo. Uniwie radhi kwa kuchelewa. Tangu waasi wachukue jenereta ya parokia, ordinateri, hiyo kompyuta, imelala. Somo lako la BASIC, lugha ya kuiamuru, nalifanya kwa mkono: bakuli la marehemu mama yako linashika namba, kila haragwe ni moja. Programu iliagiza: ongeza moja, rudi mstari wa ishirini. Nilitii tangu misa hadi jioni. Jirani yetu Mukabera akaingia: "Baba Georgette, hayo maharage unayahesabu ao unayaombea?" Sikuona mahali ulipoandika niache.
Baba yako, Placide

Bujumbura, 9 Septemba

Baba mpendwa,
Salamu toka kwangu na watoto, tuko wazima. Na weye, unakula? Kosa ni langu: sikukupa sharti la kutoka. Bila hilo programu inazunguka tu. Sasa andika moja yako: kila asubuhi uliza habari ya barabara ya kuja huku, na useme lini utatoka Uvira. Huku wanasema vita inakaribia. Njoo, Baba.
Georgette wako

Uvira, 20 Septemba

Binti yangu mpendwa,
Amani iwe kwenu. Ninakula. Nisamehe mwandiko:

10 ULIZA barabara
20 KAMA imefungwa, TOKA
30 RUDI 10

Kila asubuhi nawauliza madereva wa Kavimvira, pale mpakani. "Iko wazi, mzee! Panda tuende!" Nawashukuru, narudi mstari wa kumi.
Baba yako

Bujumbura, 8 Oktoba

Baba,
Nakusalimia mbiombio. Umegeuza sharti! Ni KAMA iko wazi, TOKA. Ikisha kufungwa utapita wapi? Wanafunzi wangu wote wanakosea hapo, usione haya. Thaddée, mwenye kuleta barua hii, ana pirogi, mtumbwi wa kuvukia ziwa, pale bandarini Kalundu. Nafasi moja ni yako.
Georgette

Uvira, 14 Oktoba

Georgette, mwanangu,
Mungu akulinde pamoja na watoto. Barabara imefungwa jana. Thaddée amesimama mlangoni: "Mzee, pirogi haingoji litania!"
Programu nimeisoma tena, mstari kwa mstari, kama ulivyonifundisha. Uniwie radhi: sikukosea. Nilitafuta sharti ambalo, likitimia, pasiwe tena na njia ya kunitoa hapa alipolala mama yako. Pirogi ndiyo sikuifikiria. Nafasi hiyo nimempa Mukabera, naye ndiye anayekukabidhi barua hii.
Mpokee. Hajala tangu jana.
Baba yako