Kwa Nini Pius Anataka Rangi Nyeupe

Jumatatu, 3 Juni

Nimefagia uwanja. Nimefukuza kuku kwenye boneti. Nimeifuta Landrova ya marehemu mume wangu kwa kanga mbovu, kama kila Jumatatu kabla Pius hajapanda nayo Mgeta kufuata kabichi zangu za sokoni. Mlango wa kushoto umechubuka. Kwenye madigadi rangi inabanduka.

Pius anataka tulipige rangi gari lote. Nyeupe. Nikasema paguswe palipochubuka tu, kijani kwa kijani. Akacheka. "Mke wangu, litaonekana lina mba." Mimi sikucheka.

Pius ni mtoto wa wifi yangu Tekla. Siku ya kumaliza matanga alirithishwa jina la mjomba wake, tangu hapo ananiita mke wangu. Utani wetu. Ila kwetu Waluguru mali ya mwanamume huenda kwa mtoto wa dada yake. Mjane anaachiwa sufuria. Gari waliniachia nilitumie tu, Pius aendeshe. Sijasahau hata siku moja.

Jumatano, 5 Juni

Nimeenda mwenyewe kwa fundi rangi. Nimemuuliza: gari la kijani likigeuzwa jeupe, kuna nini zaidi ya rangi?

"Bibi, kadi ya gari imeandikwa kijani. Ukibadili rangi, kadi iende ofisini ikaandikwe upya."

Kumbe.

Kadi ya marehemu ikienda huko, itarudi na jina la nani? Nimefika nyumbani nikaitoa chini ya godoro, nikaizika kwenye pipa la mchele wa Dakawa. Mchele hausemi.

Ijumaa, 7 Juni

Pius kaomba kadi. Nilijua! Kaomba huku anatazama kuku.

Nikasema sijui niliiweka wapi, uzee huu. Muongo mimi. Kanisaidia kutafuta, hata nyuma ya picha ya Bikira Maria. Nikampikia wali. Kuchota mchele, mkono ukagusa kadi. Kala sahani mbili. Nampenda huyu mtoto, nimembeba mgongoni. Namwogopa pia.

Jumamosi, 8 Juni

Tekla kapiga simu. Huyu hanipigii bila msiba. Kauliza kama ni kweli gari la kaka yake linapigwa rangi. Nikasema ndivyo anavyotaka mwanao. Kasema vizuri, likishatengenezwa lipande Mgeta likapumzike kwao.

Likapumzike! Gari ni ng'ombe?

Basi wamepanga, mama na mwana. Mimi nitabeba kabichi kichwani.

Jumanne, 11 Juni

Nimechoka kuogopa. Nimemketisha Pius kwenye kigoda, nikamwambia: wewe na mama yako mnaniibia. Sikuzunguka.

Kainuka. Kisha katoa karatasi mfukoni. Shule sikwenda, kusoma nimefundishwa uzeeni na masista, nasoma kama nachambua mchele. Nikachambua. Jina langu liko pale. Yeye, mrithi, anakubali gari liandikwe kwangu. Kasaini. Mashahidi wawili chini.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungeshindwa kuficha, mama angejua. Nilitaka aone kadi imeenda ofisini kwa sababu ya rangi, asiulize zaidi."

Kwa hiyo nyeupe ilikuwa ya kumficha Tekla. Na mimi wiki nzima nimemwita mtoto mwizi moyoni, huku nampakulia. Aibu. Nimempiga kofi la mgongo, kisha nikamkumbatia mpaka kalalamika mbavu.

Lakini hivyo sitaki. Nikipewa gari kwa kujificha, mwizi nitakuwa mimi. Kesho tunapanda Mgeta na karatasi yetu. Tekla akikataa, akatae nikimwona. Naweza kulikosa gari. Najua.

Jumatano, 12 Juni

Pius kamsomea mama yake karatasi, kamweleza na mpango wa rangi. Tekla kawaka. "Jina la kaka yangu tumekupa wewe, unaligawa kama mchicha!"

Kisha kanigeukia mimi. "Mngepaka nyeupe nisijue, siyo?" Nikamwambia ni Pius angepaka, mimi nimekuja. Nikamuuliza pia, gari likipumzika hapa kwako, kabichi zako, tunazobeba pamoja na zangu, zitashuka mjini kwa miguu?

Kasonya. "Kaka yangu alioa mwizi anayepiga hodi."

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Njia nzima ya kushuka Pius hakutania. Nami sikumwita mume wangu.

Ijumaa, 14 Juni

Nimempa fundi gari. Palipochubuka tu, nimemwambia. Hata kama linaondoka, liondoke likiwa la kijani.

Mgeta kimya.

Jumapili, 16 Juni

Rangi imekauka. Kijani kipya kimekoza kuliko cha zamani, viraka vinaonekana toka barabarani.

Baada ya misa Tekla kafika, kashuka tangu alfajiri. Hakukaribia nyumba kwanza. Kalizunguka gari. Kagusa mlango kwa kidole kimoja. Kasema rangi haijafanana. Nikasema haijafanana.

Kafungua mlango, kakaa kiti cha mbele, mkoba magotini. Kasema tungemficha, angelichukua. Kisha kasema Pius apeleke kadi kesho, jina langu liandikwe vizuri, wasije wakakosea.

Nimeitoa kadi kwenye mchele, kisha nimemletea chai humohumo. Mimi nimekaa kwenye usukani, ambao sijui kuushika. Milango tumeiacha wazi. Mlimani kulikuwa na ukungu. Tekla kaomba sukari zaidi.