Aliyekuua Amerudi Kabuchai

Baba Simiyu,

Barasa ametoka jela. Tangu Jumatatu yuko kwa mama yake hapa Kabuchai, ng'ambo ya mto, na ndugu yako Wafula ananoa panga kila asubuhi mbele ya mlango wangu. Nimechoka. Yule uliyemwacha tumboni bado ananyonya.

Wafula ana neno moja tu siku hizi. "Shemeji, kisasi ni haki yetu!" Nikamwuliza mwalimu wa kanisa maana ya kisasi. Akasema neno hilo lilitoka kwa Waarabu, likatufikia na watu wa pwani, na hapo mwanzo maana yake ilikuwa kulipa kinachofanana na kilichochukuliwa, kisizidi.

Nimelifikiria nikipalilia mahindi. Anayefanana nawe ni nani? Si ni Barasa mwenyewe? Kijana, mume wa mtu, mpenda kucheka. Mlimlimia Mzungu mmoja huko Kitale, mkalala chumba kimoja, mpaka siku ile mlipogombana akakusukuma, ukaangukia plau. Na mke wake, Baba Simiyu, atafanana na mimi. Simtakii hilo.

Usidhani nimesahau. Siku nyingine hasira hunishika hadi mboga inaungua nikiitazama.

Jana Simiyu alivuka mto na wenzake, akala viazi kwa mama Barasa. Mwiko wetu unaujua: nyumba ya muuaji na nyumba ya marehemu hazili pamoja kabla wazee hawajachinja kondoo. Mtoto wa miaka minne angejuaje? Wafula akafoka, "Umeona sasa! Mtoto atakufa, ati kwa sababu wewe una huruma!" Akainua panga. Nikasimama njiani, mdogo kifuani. Nikamwambia, "Nipitie mimi kwanza, shemeji. Serikali itakunyonga, halafu hawa watoto watamwita nani baba mdogo?"

Akashusha panga. Kisha akalia, mwanaume mzima, akiita jina lako.

Leo amekubali wazee waitwe. Kondoo ni Jumamosi. Nitakula nyama ile, hata ikinikwama kooni, na nitamtazama Barasa machoni. Sitamtukana. Nitamwuliza ulisema nini mwisho, maana mlikuwa wawili tu pale shambani, na hakuna mwingine wa kuniambia.

Akisema, nitawawekea wanao maneno hayo, mpaka wawe wakubwa wa kuyasikia. Hiyo nakuahidi.

Pumzika, baba.

Mama Simiyu