Mbwa Asiyeachwa Peke Yake

Mshauri mpendwa, nakusalimu sana na kukuomba unijibu kabla ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo ikipita jibu lako halitanifaa kitu.

Mimi ni mpishi, mtu wa Rabai, na huu ni mwaka wa tisa nampikia memsabu mmoja hapa Likoni, na Septemba iliyopita aliondoka kwenda kwao Ulaya kwa likizo akaniachia nyumba, funguo za stoo, na mbwa wake Rasti, dume kubwa la manyoya ya rangi ya asali, wa aina wanayoiita ritriva, yaani mbwa wa kumwokotea mwindaji ndege aliowapiga, na pamoja na mbwa akaniachia karatasi ya Kizungu ambayo Gershom, karani wa kivukoni, alinisomea mara tatu mpaka nikaishika kwa moyo: achanwe manyoya kila siku, akitoka baharini akaushwe masikio, chakula apewe kwa kipimo kwa sababu mbwa huyu hajui kushiba, na neno la mwisho lilipigwa mstari chini yake, asiachwe peke yake hata siku moja, kwani mbwa wa aina hii hupenda watu mno na akiachwa hushikwa na huzuni akakataa kula.

Mimi nilidhani nimeachiwa mlinzi, kumbe Rasti akija mtu asiyemjua humlaki na kiatu changu mdomoni, na siku moja aliniletea kuku wa jirani yangu Bi Johari, kamshika akiwa hai bila alama ya jino, akamweka miguuni pangu akatikisa mkia akingoja asifiwe, na Bi Johari akasimama uani kwake akanipigia kelele, "Mpishi wee! Wallahi mbwa wako kanitia balaani! Kuku mzima, mate ya mbwa mwili mzima! Sasa nimwoshe mara saba, au nikuletee wewe umle na huyo ndugu yako?" Nikampa kuku wangu mwingine, naye tangu siku hiyo hanijibu salamu.

Hayo niliyavumilia, lakini Februari mke wangu Kafedha alijifungua mtoto wa kiume huko Rabai, mtoto wetu wa kwanza baada ya mimba mbili kuharibika, nami sikwenda kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukaa na mbwa, nikasema nitakwenda Machi, Machi ikapita, na ndugu yangu Masha ndiye aliyempa mtoto jina, Tsofa, jina la marehemu baba yetu, jina nililokuwa nimeliweka miaka yote nilitamke mimi. Majuma mawili yaliyopita Masha alikuja akanikuta nampaka Rasti mafuta ya nazi kwenye nyayo, akasimama akaniangalia, akasema, "Shemeji kaniambia nikuambie hivi: mbwa wa Mzungu ana baba, mwanangu hana. Usipofika kabla mahindi hayajavunwa, shemeji anarudi kwao." Akakataa hata maji ya kunywa.

Sasa juma lililopita bwana mmoja Mzungu, jirani ambaye memsabu alimwomba asimamie nyumba, aliniita barazani kwake akaniambia, "Memsabu hapana rudi tena. Yeye nasema mbwa hapana weza kaa na watu nyeusi, tapata taabu. Mwisho ya mwezi wewe leta yeye, mimi piga bunduki, hapana sikia uchungu. Halafu mimi toa barua yako." Barua hiyo ndiyo barua ya sifa ya miaka yangu tisa, na bila hiyo hakuna Mzungu atakayenipa jiko lake.

Mshauri, ilinipasa nifurahi, maana mbwa akifa nafunguliwa, lakini Rasti akiiona bunduki hurukaruka kwa furaha, hatahitaji kuvutwa kamba, atanitangulia mwenyewe akidhani ni siku ya kuwinda bata. Na aibu yangu kubwa ni hii, nilipoletewa habari kwamba nimepata mwana nilicheka nikaendelea kumenya viazi, na nilipoambiwa habari ya mbwa nililia jikoni mpaka mchuzi ukaungua. Mimi ni mtu wa namna gani? Nimpeleke nichukue barua yangu niende kwangu, au nifanyeje? Tafadhali usitaje jina langu.

Mpishi, Likoni

JIBU

Mpishi, jina lako tumelificha kama ulivyotaka. La mkeo umelitaja mwenyewe, na la mtoto, na la karani wa kivukoni, kwa hiyo Likoni nzima imeshakujua na tunaweza kusemezana waziwazi.

Pole. Shika hiyo moja, usingoje ya pili.

Karatasi ilikukataza kumwacha mbwa. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ilipokukataza kutembea naye, sikupaona. Rabai si Ulaya. Hata kwa miguu, ukivuka na kivuko cha kwanza ukapita Changamwe, jua halijatua uko kwako. Miezi kumi umefungwa na kamba ambayo hakuna aliyekufunga. Ndivyo tulivyo tuliozoea kuamriwa: tukipewa amri nne, ya tano tunaiongeza wenyewe, bure, na hiyo ndiyo tunayoitii kuliko zote.

Na memsabu anasema mbwa hawezi kukaa na watu weusi. Miezi kumi hii alikaa na nani, malaika? Masikio yake nani aliyakausha?

Mimi nilibeba bunduki za bwana mmoja wa Port Reitz kwa miaka mitatu, na mbwa wa aina hiyo nawajua kuliko ninavyowajua shemeji zangu. Hafai ulinzi, na anayemlisha pilipili ili awe mkali anapata mbwa mwenye kuhara, basi. Atakula sima na vichwa vya samaki na atanenepa ukimwachia sufuria. Kupe umtoe kila jioni, hasa nyuma ya masikio na kati ya vidole. Manyoya yake ni ya tabaka mbili na jua la saa sita humwangusha kama mlevi, basi safarini mpumzishe kivulini na umpe maji kabla hujanywa wewe. Ndege kwale wa mashamba ya Rabai atakuokotea. Kuku wa majirani pia, mpaka umfundishe, kwa hiyo umfundishe mapema.

Sasa fanya hivi. Usingoje mwisho wa mwezi. Kesho asubuhi nenda kwa huyo bwana ukamwambie: memsabu hamtaki mbwa, mimi namtaka, naomba niandikiwe kwamba nimepewa. Maandishi usiyasahau, maana mtu wetu akionekana barabarani na mbwa wa manyoya ya asali, askari wa kwanza atamuuliza kamwiba wapi. Huenda bwana akakubali. Risasi moja ni kazi kwake pia.

Akikataa, sikudanganyi: mbwa si wako, na bunduki si yako. Lakini usimpeleke wewe. Mwambie aje kumchukua kwa mkono wake, atazame mwenyewe mkia ule ukitikisika. Barua ya sifa akikupa, pokea. Akikunyima, wako wapishi Mombasa waliopewa kazi kwa sababu ya mchuzi wao. Barua yenyewe itasema u mtiifu mno, na hilo mkeo hahitaji kusomewa.

Umeniuliza u mtu wa namna gani. Ulimlilia mbwa kwa sababu mbwa unamjua, umemlisha, umemchana, umemtoa kupe. Mwanao hujamgusa. Mapenzi huingia kwa mikono, na yako ilikuwa na kazi nyingine.

Basi, na mbwa au bila mbwa, juma hili uwe Rabai. Ukifika usianze na habari za Rasti, wala za memsabu, wala usimlaumu Masha kwa jina alilolitoa. Alifanya kazi yako. Mwombe Kafedha akupe mtoto umshike. Mtoto atalia sana, maana hakujui. Kafedha atanyoosha mikono amchukue. Usimrudishie. Tembea naye uani mpaka anyamaze.