Damu Kwenye Mabomba

Columbus, 4 Juni

Shikamoo Baba,

Hujambo huko Duluth? Masikio je, bado simu huisikii? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia. Fomu ya kuombea vyuo vya udaktari inataka kila kozi niliyosoma niipe kundi lake. Biolojia, kemia, fizikia na hesabu zinaingia kwenye wastani wa sayansi. Uhandisi unawekwa kando. Miaka minne ya jasho la uhandisi, hivi hivi!

Imebaki kozi moja, Mtiririko wa Damu, niliyopata A. Nikiiita biolojia, wastani wangu unafika pale chuo cha hapo nyumbani kinapotaka. Nikiiita uhandisi, haufiki, na Duluth ndiyo basi tena. Wenye fomu wanasema tutazame kilichofundishwa, si jina. Mimi sijiamini, natamani mno kurudi. Wewe ndiye mhandisi. Muhtasari wa kozi huu hapa, usome. Nitaandika utakachosema.

Mwanao,
Kaisa

Columbus, 19 Juni

Shikamoo Baba,

Kimya hiki cha nini? Bi Aune, jirani, ananiambia u mzima, ila alikuona umesimama na bahasha kwenye sanduku la posta, kisha ukarudi nayo nyumbani. Umenikasirikia? Jibu, hata kwa matusi.

Mwanao,
Kaisa

Duluth, 24 Juni

Marahaba mwanangu,

Sijambo, masikio ni yaleyale. Bi Aune na mdomo wake! Lakini ni kweli. Kwenye bahasha ile niliandika “biolojia”. Nikafika sandukuni, mkono ukagoma.

Tangu mama yako afariki bado napika supu ya samaki ya watu wawili, kesho yake nakula kiporo. Sauna, bafu letu la mvuke, nawasha peke yangu. Nilitaka urudi, basi.

Muhtasari nimeusoma nikitafuta biolojia hata chembe. Ni mabomba, presha, na hesabu za mabomba. Damu imepita humo kama mgeni tu. Ni uhandisi, Kaisa, tena uhandisi mzuri. Huenda wao wasigundue. Mimi ningejua kila ukikaa mezani.

Baba yako

Columbus, 2 Machi

Shikamoo Baba,

Habari za baridi? Niliandika uhandisi. Duluth wamenikataa. Texas wamenikubali! Kwenye usaili mzee mmoja aliing'ang'ania kozi ile ile. Nikamwambia damu ilipita humo kama mgeni, akacheka mpaka akavua miwani.

Nimefurahi, Baba, na nimelia. Texas ni mbali mno. Sema neno.

Mwanao,
Kaisa

Duluth, 9 Machi

Marahaba, daktari wangu,

Mimi mzima, theluji imefika dirishani. Hongera! Nilipiga kelele jikoni, paka akatoka mbio. Bi Aune nimemtangazia mwenyewe, maana angejua tu.

Usidhani najuta. Haya, najuta kidogo, hasa jioni.

Ukija kuniaga, koti lako la theluji liache hapa. Texas utalifanyia nini? Nimeshapigilia msumari mlangoni, pembeni ya koti langu.

Baba yako